Vyumba 44: bei ya imamu mmoja wa chuo

Yarrow Mamout alipoteza akiba yake mara mbili kabla ya kujua pa kuiweka. Alitekwa Afrika Magharibi, akashushwa melini Annapolis, Maryland, mwaka 1752, akatumikishwa utumwani mpaka alipoachwa huru mwaka 1796, umri wake ukiwa umekaribia miaka 60. Alikuwa Mwislamu na hakuificha ibada yake. Watu wa Georgetown, mji alikoishi, walimjua kwa hilo. Dola 100 za kwanza alizozichuma kwa vibarua alimpa mzee mmoja mwenye duka amtunzie. Mzee akafa, na fedha ikapotelea huko huko. Akakusanya 100 nyingine, safari hii akampa kijana, kwa kuwa kijana hafi upesi. Kweli, hakufa. Alifilisika. Alipofikisha 200 alishauriwa anunue hisa za Columbia Bank ya pale Georgetown, naye akazinunua kwa jina lake mwenyewe. Hizo zilikaa. Mchoraji Charles Willson Peale alipokwenda kumchora mwaka 1819, alimkuta mzee ana nyumba yake na hisa zake. (Uhalali wa hisa za benki ni mlango mwingine, nitaufungua kidogo mbele.)

Leo Chuo Kikuu cha Georgetown, kilichoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1789, kina msikiti unaoitwa kwa jina la mzee huyo. Ulizinduliwa rasmi mwaka 2023, una mahali pa kutawadha, ukumbi, na jiko la chakula cha halali. Ukimsimulia mtu habari hii, swali lake la kwanza huwa ni hilo hilo: msikiti uligharimu kiasi gani? Si swali baya, ila ndilo jepesi. Mwaka 1999, miaka 24 kabla ya uzinduzi ule, chuo hicho kilikuwa kimeshamwajiri Imamu Yahya Hendi, anayetajwa kuwa wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hiyo muda wote na chuo kikuu cha Marekani. Mtu alitangulia, jengo likamfuata. Na ukishika kalamu na karatasi utaona kwamba gharama nzito ni ya mtu. Jengo unalilipia mara moja. Mtu unamlipa kila mwezi, akiondoka unamlipa atakayekaa mahali pake, na hivyo hivyo vizazi na vizazi.

Neno imamu kwetu huifupisha kazi hii. Tunamfikiria mtu wa mihrabuni. Imamu wa chuo cha Marekani anasalisha Ijumaa, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya wiki yake inakwenda kwenye kiti na kikombe cha chai mbele ya kijana mmoja mmoja. Kuna aliyepigiwa simu usiku kwamba baba amefariki Karachi au Mogadishu, na viza yake ni ya namna ambayo akitoka huenda asirudi. Kuna aliyesilimu bwenini na hajui atawaambiaje wazazi wake. Mwingine imani inamponyoka polepole, naye anaona haya kuyasema nyumbani. Kazi hii wanaifanya wanawake pia, nao hupata wageni ambao wasingebisha hodi kwa mwanamume. Hartford, katika jimbo la Connecticut, kuna chuo cha dini ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kinawafundisha walezi wa Kiislamu wa namna hii. Programu hiyo aliiasisi Ingrid Mattson. Mtu wa kazi hii anahitaji fikihi, na juu yake elimu ya kuwasikiliza watu na kutunza siri. Anayeyajua yote mawili hapatikani kwa ujira wa thawabu peke yake.

Tuyapime basi masaa yake. Tuseme chuo kina wanafunzi Waislamu 600, na mwaka wa masomo una wiki 30, mihula miwili ya wiki 15. Imamu anafanya kazi masaa 40 kwa wiki. Ijumaa, hotuba na matayarisho yake hula masaa 7 hivi, darasa 6, vikao na wakuu wa chuo 6, na mengine 6 yanapotelea kwenye barua, mahesabu na kutafuta chakula cha wageni. Yanabaki 15 ya kukaa na watu. Zidisha kwa wiki 30, unapata masaa 450. Gawanya kwa wanafunzi 600: kila mmoja ana dakika 45 kwa mwaka mzima.

Dakika 45 ni kinyozi mmoja na maongezi kidogo.

Wote hawaendi, bila shaka. Akienda mmoja kati ya kila sita, ni wanafunzi 100, na kila mmoja anapata masaa manne na nusu. Hapo kazi inawezekana, lakini kwa shida, kwa sababu shida hazigawanyiki sawa. Aliyefiwa anaweza kuhitaji vikao kumi peke yake, na anavichukua kutoka kwa mtu ambaye hatujui jina lake kwa sababu hakurudi tena. Ndiyo maana ninapoona chuo kimemwajiri imamu wa masaa kumi kwa wiki na kulitangaza jambo hilo kwa picha na tabasamu, mimi nakimbilia kwenye mgawanyo. Toa Ijumaa na matayarisho yake: yamebaki matatu.

Sasa fedha. Nitatumia makadirio yangu mwenyewe, na msomaji anaweza kuyabadilisha na kuirudia hesabu. Mshahara tuuweke dola 75,000 kwa mwaka. Juu yake mwajiri wa Marekani analipia bima ya afya, pensheni na kodi za ajira. Tuseme asilimia 30, yaani dola 22,500. Jumla 97,500. Hapo hatujanunua hata tende moja.

Kuna njia mbili za kuipata dola 97,500 kila mwaka. Ya kwanza ndiyo tuliyoizoea: unamtafuta tajiri mwenye moyo, au unafanya harambee kila Ramadhani. Kwa miaka kumi utakuwa umekusanya na kutumia dola 975,000, na asubuhi ya mwaka wa kumi na moja mkobani mna sifuri. Mfadhili akifa, au biashara yake ikiyumba, imamu anafunga virago. Hizo ni dola 100 mbili za Yarrow, za mzee na za kijana.

Njia ya pili wenzetu wa vyuo vya Marekani wameifanya kuwa uti wa mgongo wao, na sisi tulikuwa nayo kabla yao: wakfu. Asili inafungwa, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Kinachotumika ni matunda yake. Ndivyo Umar bin Khattab alivyoelekezwa na Mtume kuhusu shamba lake la Khaybar. Mabadiliko ni kwamba badala ya mitende kuna rundo la hisa na majengo, na badala ya msimamizi mmoja mwenye kilemba kuna kamati. Harvard, iliyoanza mwaka 1636, ilikuwa na wakfu wa dola bilioni 53.2 mwaka wa fedha 2024. Hicho ni chuo kinachokula matunda ya miti ambayo waliopanda wengi wao wamekufa zamani.

Kanuni ya matumizi katika vyuo hivyo huzunguka kati ya asilimia 4 na 5 ya thamani ya wakfu kwa mwaka. Basi ukitaka 97,500 kwa kiwango cha asilimia 5, unahitaji kufunga dola 1,950,000. Kwa asilimia 4, unahitaji 2,437,500. Tofauti ya asilimia moja tu imekugharimu karibu nusu milioni. Ukimsikia mtu wa kamati anabishania asilimia moja saa nzima, mvumilie.

Mbona 4, wakati soko linaweza kuleta 7? Swali hili huulizwa kila kikao, na kwa kawaida anayeuliza ni mtu wa haraka. Tumpe anachotaka. Wakfu wa dola 2,437,500 unazalisha asilimia 7, na kamati inatumia zote: 170,625 mwaka wa kwanza. Imamu analipwa, anapata msaidizi, na futari zina nyama. Lakini bei za vitu na mishahara ikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka, gharama za imamu yule yule zinapanda nayo, wakati fungu limesimama pale pale. Kufika mwaka wa 19 hivi, mshahara na malipo yake peke yake yamelimeza fungu lote. Kufika wa 24, gharama zimekuwa maradufu, na imamu hapatikani tena kwa fedha hiyo. Anayetumia 4 na kuziacha 3 zirudi shinani anaona fungu lake likikua sawasawa na bei. Matumizi yake ni madogo leo, na hayanywei kesho.

Halafu kuna miaka ya njaa. Mwaka wa fedha 2009, baada ya soko kuanguka, wakfu za vyuo vya Marekani zilipoteza kwa wastani asilimia 18.7, wa Harvard ulipoteza asilimia 27.3. Wakfu wetu wa imamu ungeshuka mpaka dola 1,981,688 hivi, na asilimia 4 yake ni 79,268: pengo la zaidi ya dola 18,000 ndani ya mwaka mmoja. Dawa wanayoitumia ni nyepesi. Asilimia 4 haihesabiwi kwa thamani ya leo, inahesabiwa kwa wastani wa miaka mitatu. Kwa wastani huo fungu linakuwa dola 91,423 na pengo linashuka hadi kama 6,000, kitu ambacho harambee moja ya Ramadhani inaweza kukiziba. Mtu hafukuzwi kazi kwa dola 6,000.

Mlango wa uhalali niliuahidi. Rundo la fedha la chuo kwa kawaida limechanganyika: hisa za kila namna, na hati za dhamana zenye riba. Mfadhili Mwislamu ana haki ya kuuliza matunda yale yanatoka mti gani. Marekani jibu limekuwepo muda mrefu. Mfuko wa uwekezaji wa Amana Income, unaokwepa riba, pombe na kampuni zilizojaa madeni, ulianza mwaka 1986. Kubishana juu ya fedha za wakfu nako si jambo geni. Katika karne ya 16 wanavyuoni wa dola ya Uthmaniya walivutana vikali: Ebussuud aliukubali wakfu wa fedha taslimu, Birgivi akaupinga kwa nguvu. Nimesoma hoja za pande zote mbili na ninaona Birgivi alikuwa na hoja nzito zaidi, lakini Ebussuud ndiye aliyeacha shule na misikiti mingi ikiendelea kulipwa. Kwa chuo cha leo suala hili lina bei: ukitaka fungu lako litengwe na lichunguzwe peke yake, gharama za usimamizi zinapanda, na fungu dogo linaumia zaidi. Liandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza, maana siku ya pili fedha imeshaingia kwenye sufuria moja na za wengine.

Waislamu wa Marekani waliuanza mwendo huu wakiwa wanafunzi. Umoja wa wanafunzi Waislamu, MSA, ulizaliwa Januari 1963 katika Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign, na wengi wa waasisi wake walikuwa vijana waliotoka ng'ambo kusoma. Miaka kumi baadaye, mwaka 1973, umoja huo ukazaa taasisi ya kushika wakfu, NAIT, ambayo leo hati za mamia ya misikiti na shule ziko mikononi mwake. Waliona mapema kwamba mwanafunzi ni mpita njia, kwa hiyo hati isikae naye. Lakini walichokifunga kwanza ni majengo. Kumfunga mtu, yaani mshahara wake, kulichelewa kwa zaidi ya kizazi.

Chuo Kikuu cha Princeton kinaonyesha kwa nini jambo hilo lina uzito. Sohaib Sultan alianza kazi ya ulezi pale mwaka 2008 na akaifanya mpaka alipofariki kwa saratani Aprili 2021, akiwa na miaka 40. Wanafunzi walimlilia kama baba. Lakini ofisi ilikuwepo kabla ya msiba na ilikuwepo baada yake, na mtu mwingine akakaa kwenye kiti kile. Msiba wa mtu haukuwa msiba wa kazi.

Dola milioni 2.4 ni kiasi cha kutisha ukikitazama chote pamoja. Kivunje. Wahitimu 200 wakitoa dola 100 kila mwezi, ni dola 240,000 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni milioni 2.4, bado hujahesabu faida ya fedha zilizotangulia. Madaktari na wahandisi 200 si wengi kwa chuo cha miaka mingi, na baadhi yao ni Waswahili waliokwenda kusoma wakabaki. Shida ni mwaka wa nne wa mchango, wakati hakuna jengo la kuonyesha wala utepe wa kukata, na imamu bado hajaajiriwa. Watu hupenda kutoa kwa kitu kinachopigwa picha.

Nyumbani tunaijua shida hii kwa sura nyingine. Nilipitia jumuiya ya wanafunzi Waislamu katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Tulisalia chumba cha chini ya ngazi, ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja. Michango iliwekwa kwenye laini ya simu ya mweka hazina, kwa sababu kufungua akaunti kulitaka muhtasari wa kikao, na kikao hakikutimia akidi. Mweka hazina alihitimu, akapangiwa kufundisha mbali, akabadilisha namba. Hakuwa mwizi, miezi saba baadaye alituma zote, na ya kutolea akaiweka. Lakini kwa miezi saba ile tulifuturu kwa kuchangishana upya. Viongozi wetu walibadilika kila mwaka, na kila mwaka tulianza na daftari jipya.

Tuiweke hesabu ile ile kwa shilingi za Tanzania, nayo ni makadirio yangu. Imamu au ustadha mlezi, mwenye shahada na mafunzo ya ushauri, mshahara shilingi 1,500,000 kwa mwezi: milioni 18 kwa mwaka. Ongeza mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10: jumla 19,800,000. Hapa sifikirii soko la hisa, nafikiria hosteli, kwa kuwa wanafunzi wetu wanapanga nje ya kampasi na kodi yao haina riba ndani yake. Chumba kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi, miezi 10, ni 600,000. Toa robo kwa ajili ya rangi, mabomba, vyumba vitupu na mlinzi: zinabaki 450,000. Gawanya 19,800,000 kwa 450,000. Jibu ni vyumba 44, bila salio.

Imamu mmoja wa chuo ni vyumba 44 vya hosteli. Tukikadiria kila chumba, pamoja na sehemu yake ya kiwanja, korido na choo, kuwa shilingi milioni 7, ni milioni 308. Wahitimu 500 wakitoa 10,000 kwa mwezi, ni milioni 60 kwa mwaka, kwa hiyo miaka mitano na miezi kidogo. Hosteli ina uzuri ambao hisa hazina: wakfu unaonekana ukipanda, na kodi ya vyumba vya mwanzo inaweza kumlipa ustadha wa siku mbili kwa wiki wakati vingine vinajengwa. Ina ubaya wake pia. Chuo kikihama au kikijenga mabweni yake, vyumba vyako vinabaki na popo. Lazima hati iruhusu kuuza na kununua mahali pengine kwa kusudi lile lile, jambo ambalo mafakihi wanalijua vizuri, wanaliita istibdali, na ambalo limewahi kutumiwa kama mlango wa wizi. Ruhusa hiyo iwe na kufuli zaidi ya moja.

Futari nimeiweka kando kwa makusudi, kwa sababu inajilipia: hakuna kitu ambacho Mwislamu anakitoa kwa wepesi kama sahani ya kufuturisha. Kwa wanafunzi 300, shilingi 3,000 kila mmoja, siku 30, ni milioni 27, zaidi ya mshahara wa mlezi wa mwaka mzima. Tunazipata kila Ramadhani bila kikao. Wanaotumia bajeti ya Januari hadi Desemba wajiandae tu kwa 2030, mwaka ambao Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Milioni 27 za mwezi mmoja zinapatikana, 19.8 za miezi 12 zinatushinda.

Na kuna suala la hati. Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilifunguliwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa juhudi za Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, chuo cha umma cha watu wote. Imefaidisha maelfu na sina kinyongo nayo. Lakini majengo yamedumu, na kusudi la waliotoa likachukua njia nyingine.

Kwa Tanzania Bara njia ya sheria ipo: wadhamini waliosajiliwa na wakala wa serikali, RITA, chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318, ambao mali inaandikwa kwa jina la bodi yao, si la mwenyekiti wala la mweka hazina. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Mombasa wapo makamishna wa wakfu. Gharama ya kusajili bodi ni sehemu ndogo tu ya bei ya chumba kimoja. Wahitimu 500 wakianza mwezi huu, mwisho wa mwezi kuna milioni 5. Mwisho wa mwezi wa pili kuna milioni 10, yaani chumba cha kwanza, na milioni 3 za msingi wa chumba cha pili.